Siku Niliyobandikwa Ukutani

Nianze na aibu yenyewe, maana nikiiacha mtaisikia kwa Maganga fundi baiskeli, naye ataitia chumvi mpaka iwe kama samaki wa ng'onda.

Mimi Bakari, mpiga picha wa Korogwe, mtu ambaye nusu ya mji huu imenikunjulia uso, nimewahi kubandikwa ukutani kama mfano wa mzee aliyeshindwa na maisha. Bango refu kama mlango. Nimekaa juu ya gogo, nimevaa ovaroli la kuazima limechanika goti, mdomo umepinda, macho nimeyafinya, mkono mmoja umezama kwenye kola unatafuta mgongo. Chini yake herufi nene: NJAA HAIZOELEKI.

Siku ile nilikuwa nimekula ugali na kisamvu, nikaongezewa, nikaomba tena. Sikuwa na njaa. Nilikuwa nawashwa.

Habari ya kuwashwa nitaifikia. Nyinyi vijana wa studio mmeniomba, kwa kuwa macho yamenistaafisha, niandike nilivyoifanya kazi hii, hasa zile picha za watu ambao hakuna anayewakumbuka mpaka kuwe na mgeni wa kuonyeshwa. Nyinyi mnaziita dokumentari. Sisi tulikuwa tunasema tu tunakwenda kambini. Shule niliishia darasa la tano, mimi na mwalimu tulichokana siku moja, kwa hiyo mkikuta mkato umekaa vibaya usogezeni wenyewe.

Kazi nilianzia kwa Fundi Hoza, Mshambaa wa Mpale, mtu mfupi, mpole, vidole vya njano kwa sababu ya dawa za kusafishia picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, na pazia lake lilichorwa ndege ya abiria inapita juu ya friji. Msiniulize friji ilifikaje uwanja wa ndege. Watu walipenda, wakasimama katikati, mkono mmoja kama umeshika mlango wa friji.

Siku yangu ya kwanza fundi akaniambia nifagie chumba cha giza. Mimi mtoto wa Kizigua nimelelewa na bibi mkali, nikifagia nafagia kweli, na huwezi kufagia usichokiona. Nikafungua mlango nipate mwanga.

Filamu yote ikaungua. Ilikuwa ya familia moja ya Mazingara, baba, mama na watoto, waliofunga safari kwa ajili ya picha hiyo tu. Fundi hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru. Akanituma niende kwao mwenyewe, nikawaambie kwa mdomo wangu, niwaombe wavae tena.

Kufika kule ndiyo nikajua. Suti ya baba ilikuwa ya shemeji yake. Viatu vya mama vya jirani. Gauni la binti la nyumbani kwa mwalimu wa madrasa, na saa ya mkononi ya mtu aliyekuwa keshahamia kijiji cha pili. Ili wavae tena ilibidi wazunguke kuazima upya, na mimi nyuma yao kama mbuzi wa mahari. Kila nyumba inaulizwa swali lile lile.

"Ndiye huyu aliyeunguza?"

"Ndiye."

"Mbona anaonekana mzima?"

Niliporudi miguu imevimba, Fundi Hoza akanipa chai, akasema, "Umeona picha moja ina watu wangapi ndani?" Kisha akanipa sheria ambayo ndiyo kazi yangu yote, mengine ni kubonyeza tu. "Bakari, ya kwanza ni ya mwenye sura. Avae anachotaka, asimame anavyotaka, na umrudishie mkononi. Ukishamrudishia, akikukaribisha tena, ndiyo upige za kwako. Asipokukaribisha, chukua kofia yako."

Rahisi kuisema. Jaribu kuifanya kule Handeni nyikani, ambako ukipiga leo, kurudisha ni safari nyingine ya vumbi. Wafugaji wa kule walikuwa hawataki kuiona kamera. Waandishi wanasemaga ati wale wanaogopa kuibiwa roho. Upuuzi mtupu. Mzee Lembris, ambaye boma lake nilikwenda sana baadaye, aliniambia sababu waziwazi. "Mnakuja, mnapiga, mnaondoka. Mtoto wangu anakuwa mkubwa sijaiona hata moja. Mgeni akichukua ndama wangu hivyo, anaitwa nani?"

"Mwizi, mzee."

"Umesema wewe."

Nikamwambia sheria ya Fundi Hoza, kwamba ya kwanza ni yake. Akafikiri, akasema hamna haja ya kumpiga yeye, kila mtu anajua alivyo. Nimpige dume lake. Basi, nilipiga dume. Na dume nalo halikutaka, likanikimbiza mpaka kwenye boma la miiba, suruali ikabaki kule. Lakini nilirudisha picha. Ukame uliofuata dume likafa, na mzee akabaki na ile picha, anaitoa kwenye shuka anamwonyesha kila mgeni. Toka hapo nikifika kwenye boma lolote upande ule naitwa "yule aliyempiga dume wa Lembris," nawekewa maziwa, na nikitaka kupiga watu wananiuliza wakae wapi ili jua lisinisumbue. Ndivyo mlango unavyofunguliwa. Haufunguliwi na kioo kirefu cha kamera.

Sasa kambini.

Mnaijua kambi ya mkonge ninayoisema, ile ya kuelekea Hale, nyumba zimepangwa mstari kama mabehewa. Zilijengwa kwa ajili ya wanaume wasio na wake, waliotolewa mbali, wengine ng'ambo ya mpaka, kuja kukata mkonge. Mkonge ukapungua, watu wakabaki. Wakaoa, wakazaa, wakazikana palepale. Na mpaka leo mjini wanawaita manamba, hata mtoto ambaye hajawahi kushika kisu cha mkonge. Akisimama kwenye foleni anaulizwa, "Kwenu hasa wapi?" Babu yake yumo ardhini hapa, lakini kwao hasa wapi! Mimi ambaye nimezaliwa Handeni hakuna anayeniuliza, na sijailimia nchi hii hata robo ya waliyoilima wao. Nikikumbuka hilo naweza kuikunja hii kalamu.

Aliyenipeleka kambini mara ya kwanza ni huyu huyu Maganga. Ni Mnyamwezi, alikuwa mkata mkonge kabla hajawa fundi baiskeli, na ni mtani wangu, kwa hiyo hajawahi kunisemesha kwa heshima hata siku moja. Akanifikisha kwa Bibi Rozalia.

Bibi Rozalia ni Mmakonde, amechanjwa nembo usoni, mistari mizuri imepanda mashavuni mpaka paji la uso, kazi ya mikono ya watu wa kwao zamani. Kila mgeni mwenye kamera aliyewahi kupita pale alimkimbilia yeye. Bibi akajifunza. Akisikia gari anajifunika kanga kichwa chote, anaendelea kumenya muhogo humohumo ndani ya kanga. Mimi nilimkuta hivyo. Nikaamkia kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unataka mashavu?"

"Hapana, bibi. Nataka kujua wewe unataka picha gani."

Kanga ikanyamaza. Halafu ikasema, "Mimi naitwa nani?"

Sikujua. Maganga alikuwa amenitajia njiani, nikawa nimesahau kwa sababu nilikuwa nabishana naye kuhusu mpira. Bibi akasema, "Rudi ukilijua."

Nikarudi Jumapili nyingine, nalijua. Akanirudisha tena, nguo yake ya kanisani haijakauka. Mara ya tatu akatoka, gauni jeupe, viatu, na pembeni yake mwanae Kosmasi, fundi ujenzi wa Hale, kijana mkimya mwenye mabega kama kabati. Kosmasi alikuwa anakuja kila Jumapili baada ya misa, kaleta sukari, kaleta sabuni, anakaa na mama yake mpaka jua linapinda. Kambi nzima ilikuwa inaijua baiskeli yake kwa kengele. Bibi akakaa kwenye kiti, Kosmasi akasimama nyuma, mkono begani kwa mama. Hakutaka kutabasamu hata mmoja wao. Nikapiga, nikarudisha. Bibi akaitazama sana, akaisifu ile mistari ya uso wake, akaitia ndani ya sanduku chini ya nguo.

Basi nikakaribishwa. Nilikwenda kambini miaka na miaka, nikapiga mikono, visu, harusi, msiba, watoto wakicheza juu ya singa, zile nyuzi za mkonge, zilizoanikwa, vikongwe wakicheza bao. Nilipiga kila nilichoruhusiwa, na nilivyokatazwa navikumbuka zaidi kuliko nilivyopiga.

Haya, kuwashwa. Siku hiyo nilikuwa napiga korona. Kwa asiyejua, korona ni kiwanda kinachosaga majani ya mkonge yabaki nyuzi, na uchafu wake unatoka na maji ya kijani kwenye mfereji. Maji yale yananuka, na yakigusa ngozi unawashwa mpaka unaona nyota. Mimi nataka jengo lote liingie kwenye picha. Nikarudi nyuma. Bati likabaki nje. Nikarudi tena. Mpiga picha wa miaka yote ile, nikasahau kwamba na nyuma nako kuna dunia.

Nikaingia mferejini mzima mzima. Kamera tu ndiyo nimeinyanyua juu kama bendera.

Maganga alikuwa jirani. Hakunitoa kwanza, alicheka kwanza. Halafu akanitoa, akanivua, akanimwagia maji, akanipa ovaroli lake la zamani alilolitundika kwa shemeji yake. Nguo zangu zikaanikwa. Mimi nikakaa juu ya gogo kujikuna kwa nafasi.

Ndipo gari likaja. Jeupe, safi. Wakashuka watu wa shirika moja la misaada, simtaji, na dada mwenye kamera ndefu kama bomba la maji. Kwa mbali kule nikasikia, "Shikamoo babu!" na kabla sijaitikia marahaba, ta-ta-ta-ta. Nikadhani anapima mwanga. Mtu anapowashwa mgongo hana nafasi ya kufikiri mabaya ya watu. Wakapita wakaenda kwa Bibi Rozalia, ambaye alikuwa anapuliza moto wa kuni mbichi, moshi umemjaa, machozi yanamtoka, na kanga kaiweka mbali isishike moto. Wakampiga kwa kupitisha kamera juu ya ua wa mabua. Hawakuingia. Wakaondoka.

Hakuna aliyeulizwa jina.

Muda ukapita, nikasahau. Halafu Jumapili moja nikafika kambini, naona watu hawanitazami. Wale wa bao wakainamisha vichwa kama wanatafuta kete iliyopotea. Mlango wa Bibi Rozalia umefungwa, na nje kwenye kigoda kuna ile picha yake na Kosmasi, imefunikwa uso chini.

"Hodi, bibi."

Halafu sauti kutoka ndani. "Chukua na hiyo. Ukaiuze pamoja na ile nyingine."

"Ipi nyingine, bibi?"

"Bakari, mimi nilikuonyesha uso wangu."

Nikaichukua ile picha, nikaenda kumtafuta Maganga.

Maganga ndiye aliyenieleza, na siku hiyo hakutania. Kosmasi alikuwa anapaka rangi ukumbi mmoja mjini. Wakaja watu kutundika mabango ya mkutano wao, akawashikia ngazi. Akashika ngazi, akainua macho, akamwona mama yake, mkubwa kama mlango, analia. Na chini, ndani ya alama za mtu aliyesema kwa mdomo wake: "NILIZAA, WAKANITUPA."

Fikirini. Umemshikia mtu ngazi amtundike mama yako.

Mafundi wenzie nao binadamu. "Kosmasi, kumbe sukari yote ile ulikuwa unakula mwenyewe?" Hakuuliza mtu. Jumapili hiyo hakuja kambini, iliyofuata hakuja, na ile ya tatu. Mama yake akadhani anaumwa, akatuma mtu Hale. Mtu akarudi na habari za bango, na jibu moja tu: "Mwambie kama nimemtupa, basi nimemtupa." Na kambi ikajiuliza, nani ana kamera hapa? Nani Bibi Rozalia amewahi kumwonyesha uso? Bakari. Bakari kamuuza.

Nilivaa koti langu la sikukuu na baraghashia, nikaenda kwenye ofisi ya lile shirika, maana mkutano ulikuwa umekwisha na mabango yamerudishwa kwao. Maganga akafuata, amesema hanisindikizi, anakwenda kuangalia ninavyofukuzwa. Tukaingia. Bibi Rozalia alikuwa ukuta wa kulia. Nikasimama mbele yake. Nikageuka ili nisilie mbele ya Mnyamwezi, na ukuta wa kushoto nikamkuta mtu namjua.

Maganga alikuwa keshaliona. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Mtani," akasema, "hilo ovaroli langu limekupenda."

Akatoka dada mmoja mwenye adabu, mhusika wa mambo ya picha, yule yule wa kamera ndefu. Nikamuuliza kama yule mama walimuuliza jina.

"Mzee wangu, sisi hatuandiki majina. Tunalinda utu wao."

"Utu wake mmeulinda kwa kumwekea maneno mdomoni?"

"Yale siyo maneno yake hasa. Ni sauti ya wengi."

"Sauti ya wengi, mdomo wa Rozalia?"

"Mzee, picha inawakilisha hali. Kuna wamama wengi wametupwa."

"Basi mkampige aliyetupwa, mumuulize. Huyu mwanae alikuwa anakwenda kila Jumapili mpaka mlipombandika. Mmemtupa nyinyi."

Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayegombana na mvua. Nikamwonyesha ukuta wa kushoto. "Na huyu?"

"Huyo ni mkata mkonge mstaafu. Hana mtu. Ilikuwa siku ngumu, hakuwa amekula."

"Unamjua?"

"Tulimkuta kambini."

"Mimi namjua. Tumelala kitanda kimoja toka nizaliwe."

Hakuelewa. Koti, baraghashia, viatu vimepakwa rangi, hakuona kabisa. Mtu kanipiga picha, kaichapa kubwa kama mlango, anapita mbele yake kila siku, na mimi nimesimama hapo mbele yake hanijui! Hapo ndipo hasira ilipofika kisogoni. Nikavua kofia. Nikakaa juu ya boksi la karatasi, nikatia mkono ndani ya kola, nikapinda mdomo, nikafinya macho.

Mlinzi wa mlangoni akapasuka kicheko mpaka akaegemea ukuta. Dada akatazama bango, akanitazama, akatazama bango. Akakaa chini.

"Mzee... ulikuwa unalia?"

"Nilikuwa najikuna. Maji ya korona. Ungeniuliza ningekwambia, na ningekuomba unikune pale nisipofika."

Aliomba radhi, nisimseme vibaya, aliomba. Akasema za pale ofisini wataziondoa. Nikauliza zile zingine. Akasema zimeshachapwa kwenye kalenda, zimeshakwenda mikoani, na nyingine nje. Zilizokwenda zimekwenda. Neno hilo lilimtoka taratibu, kama anazungumzia magunia ya mahindi. Halafu, ili kunipoza, akanikunjia bango langu akanipa. "Chukua mzee, ukumbusho."

Ukumbusho!

Njiani Maganga akaniambia nilichokuwa nakikimbia moyoni. "Hili ndilo litakalokuokoa."

"Silionyeshi mtu."

"Mtani, kule wanadhani wewe ndiye uliyewapiga. Waonyeshe ulivyopigwa."

"Nitachekwa mpaka kaburini."

"Unachekwa toka siku ya dume la Lembris, umezoea. Yule mama kasusiwa na mwanae kwa ajili ya uongo. Wewe unalinda nini, sura? Hiyo?"

Ni kweli mimi ni mtu wa mizaha, lakini mzaha nautoa mwenyewe, ninapotaka. Kuchekwa kwa kitu ambacho sikukichagua ni jambo jingine. Ndiyo maana nasema ile sheria ya Fundi Hoza haikuwa adabu tu. Nililala na kuamka na ile karatasi iliyokunjwa, mke wangu akauliza ni bomba la nini.

Jumapili, watu wanatoka misa, nikalibandika kambini, kwenye ukuta wa banda la mizani wanapopimia mkonge. Maganga alikuwa amekwenda Hale alfajiri kumchukua Kosmasi, kamdanganya kuna kazi ya kupiga ripu. Kosmasi akasimama mbali, baiskeli mkononi, uso wa jiwe. Bibi Rozalia akafunguliwa mlango na wanawake wenzie, akaja na kanga kichwani.

Watu wakatazama. Nikasoma maandishi kwa sauti, kwa wasioona vizuri. "Njaa haizoeleki."

Kanga ya Bibi Rozalia ikateremka mpaka mabegani. Akasogea, akaikazia macho picha, akagusa ule mkono kwenye kola.

"Njaa gani?" akasema. "Hayo si maji ya korona?"

Kambi nzima ikalipuka. Hakuna mtu pale ambaye hajawahi kuufanya uso ule. Wazee walikuwa wanaigizana, mikono kwenye kola, midomo imepinda, mmoja akaanguka kwenye nyasi. "Njaa ya mgongoni!" "Mleteeni ugali, umkune!" Nikachekwa kama sijawahi kuchekwa, na mimi nimesimama kando ya sura yangu kama mwizi kando ya kuku.

Kosmasi hakucheka. Alikuja taratibu mpaka kwenye bango, akasoma, akanitazama, akasoma tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee Bakari, wewe hukusema haya?"

"Sikuulizwa hata jina, mwanangu."

Mnajua mtu mkimya anavyofikiri, unaona mpaka mabega yanasogea. Halafu akamgeukia mama yake.

"Kuni ulizokuwa unapuliza siku ile zilikuwa mbichi?"

"Mbichi. Zile ulizoniletea mwenyewe."

"Mwerezi?"

"Wala, mwembe. Ulisema zimekauka. Nimelia mwezi mzima na zile kuni zako, Kosmasi."

Hakuna aliyekumbatiana na mtu, msitegemee hayo. Kosmasi akaegesha baiskeli, akaenda nyuma ya nyumba, na tukasikia shoka. Alipasua zile kuni zote akazipanga juani. Bibi akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakikung'uta kwa kanga. "Kaa, Bakari. Ile picha yangu uliyoichukua, kesho uirudishe."

"Ninayo hapa, bibi."

"Basi ulijua kwamba nitaidai."

"Nilikuwa naomba tu."

Nawaandikia haya nyinyi wenye simu mfukoni, mnaopiga kabla hamjasema shikamoo. Sikatai simu. Ningekuwa nayo nisingeingia mferejini. Ila mnaniambia, "Mzee, picha kali inaamsha huruma." Huruma ya nani kwa nani? Yule dada alikuwa na huruma, nina hakika, na huruma yake ilimnyima mama mtoto wake. Mtu maskini mnadhani hana kingine cha kupoteza. Ana jina lake, na Jumapili zake, na wanaomjua. Hivyo ndivyo mnavyovichukua, kwa sababu havionekani kwenye kioo. Na mkiwa na lazima ya kuchukua sura ya mtu bila kuuliza, anzeni na za mama zenu, mkazibandike, mkashike na ngazi.

Nimemaliza. Kabaki Maganga.

Nilipofunga studio aliniambia, "Mtani, wewe umewapa watu wote ya kwanza yao. Ya kwako nani alikupa?" Nikafikiri. Kweli, hakuna. Picha yangu kubwa kuliko zote ni ile. Basi tukashusha pazia la marehemu Fundi Hoza, ndege na friji yake. Nikavaa koti, nikafunga vifungo vyote, nikasimama ninavyotaka, mkono mmoja kwenye mlango wa friji. Maganga akashika kamera ya fundi, ile ya filamu, akafinya jicho lisilo lenyewe, akabonyeza. Filamu ikapelekwa Tanga kusafishwa.

Ikarudi. Koti zuri. Vifungo vyote. Mkono kwenye friji, vizuri kabisa. Shingo. Halafu ndege.

"Maganga, kichwa changu kiko wapi?"

Akaichukua, akaisogeza mbali na macho, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akanirudishia.

"Kichwa wanacho wale wa kalenda," akasema. "Nenda kakidai."